Moto Unafanya Nini Hasa Ndani ya Molekuli

Gesi inayochimbwa Msimbati na kusafishwa Madimba karibu yote ni methani. Sisi watu wa Mtwara tumeijadili gesi hii miaka nenda rudi: bei yake, bomba lake, ajira zake, nani anafaidi na nani anabaki kutazama. Ni mjadala wa haki na sitaki uishe. Lakini mimi ni mwalimu wa kemia, na kuna habari moja ya methani ambayo sijaisikia vijiweni wala kwenye semina. Molekuli hii ndogo, kaboni moja na haidrojeni nne, ni miongoni mwa zile ambazo wanasayansi wamezitumia sana kuonyesha kwamba katika mmenyuko wa kikemia haitoshi kuuliza kuna nishati kiasi gani. Inabidi uulize pia nishati hiyo imo kwenye mwendo upi wa viini vya atomu.

Nisieleweke vibaya. Huku kusini ukitaja viini vya atomu, akili za watu hukimbilia urani ya Namtumbo. Sizungumzii nishati ya nyuklia. Katika kemia viini havipasuki wala havibadiliki kuwa vingine. Vinasogea tu, na kusogea huko ndiko ninakotaka kukueleza.

Aliyenisukuma kuandika ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, binti wa Tandahimba ambaye kwao wanakaanga na kubangua korosho. Tulikuwa kwenye mada ya kasi ya mimenyuko, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tunaambiwa moto unaharakisha mmenyuko. Sasa moto wenyewe unafanya nini mle ndani?" Jibu la kitabu analijua kila mtu: joto linaongeza mwendo wa chembe, chembe zinagongana mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Si jibu baya, ila linamwacha msikilizaji kizingitini.

Tukapiga hesabu kwa kutumia korosho zao. Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali ambayo sehemu yake kubwa ni asidi anakadiki. Aliyewahi kubangua anayajua, maana yanachubua vidole, na ndiyo sababu mama zetu hujipaka majivu au mafuta kabla ya kukaa kazini. Korosho ikikaangwa kwenye nyuzijoto 180 hadi 200, asidi hiyo hupoteza kaboni dayoksaidi na kinachobaki zaidi ni kardanoli. Ni mmenyuko halali wa kikemia unaofanyika uani kila msimu.

Chukua jotoridi la kawaida la kwetu, nyuzi 30, ulipandishe hadi 200. Ukipima kuanzia sifuri halisi, ambako wanafizikia huanzia, umetoka 303 ukafika 473. Wastani wa nishati ya mwendo umeongezeka kwa asilimia 56 tu. Kasi ya chembe za gesi, na kwa hiyo idadi ya migongano yake, ingeongezeka kwa robo hivi. Ongezeko hilo ni dogo mno kueleza kwa nini korosho iliyokaa ghalani mwaka mzima bado ina asidi yake, na iliyokaa kwenye karai dakika chache imekwisha kuipoteza. Siri iko kwa molekuli chache zilizo juu sana ya wastani. Kwa mmenyuko ambao kizingiti chake cha nishati, yaani kiwango cha chini ambacho molekuli lazima zifikie ili zimenyuke, ni kilojuli 100 kwa moli, kutoka nyuzi 30 hadi 200 huongeza kasi takriban mara milioni moja na nusu. Darasa lilinyamaza, wakataka tuirudie hesabu, tukairudia.

Lakini hata hapo swali la binti halijajibiwa. Molekuli moja iliyo juu ya kizingiti inafanya nini? Jibu ni kwamba viini vyake vinatetema. Kaboni na haidrojeni zilizoshikana zinasogeleana na kuachana, zinapinda, zinajisokota. Joto la karai ni mitetemo hiyo ikizidi kuwa mikubwa. Ndani ya asidi anakadiki kuna wakati haidrojeni ya kundi la asidi inahama na kifungo kinachoshikilia kaboni dayoksaidi kinavutika kupita kiwango chake, na hakirudi tena. Mmenyuko wa kikemia ni mwendo huo wa viini kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Hakuna kitu kingine cha ziada kinachojificha nyuma yake.

Elektroni je? Ni kweli kwamba elektroni ndizo zinazofunga atomu pamoja, na kwenye daftari tunachora mishale ya elektroni tu. Ila kiini cha haidrojeni, chepesi kuliko viini vyote, ni kizito mara 1836 ya elektroni. Kwa sababu hiyo viini huenda polepole na elektroni hujipanga upya karibu papo hapo kila viini vinaposogea. Mwaka 1927 Max Born na Robert Oppenheimer, huyo huyo aliyekuja baadaye kuongoza utengenezaji wa bomu la atomu, waliigeuza tofauti hii ya uzito kuwa njia ya kukokotoa: shikilia viini mahali pamoja, tafuta nishati ya elektroni, sogeza viini kidogo, tafuta tena. Mwishoni unapata ramani inayoonyesha nishati ya kila mpangilio wa viini. Karibu kila hesabu ya mimenyuko inayofanywa leo kwa kompyuta imesimama juu ya ramani ya aina hiyo.

Ninaposema viini huenda polepole, ni polepole mbele ya elektroni tu. Kifungo cha kaboni na haidrojeni hutetema takriban mara trilioni 90 kwa sekunde. Mtetemo mmoja huchukua femtosekunde 11 hivi. Kwa wasiokutana na kipimo hiki, nitawapeleka Tendaguru, hapo Lindi, ilikochimbuliwa mifupa ya mijusi wakubwa walioishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Hesabu sekunde zote zilizopita tangu wakati wao hadi leo. Idadi hiyo ni sawa na femtosekunde zilizomo ndani ya sekunde tano hata hazijatimia.

Kwa muda mrefu watu waliamini hakuna jicho litakaloona mwendo wa haraka hivyo. Aliyebadilisha hali ni Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, aliyesoma Alexandria kabla ya kwenda Marekani. Kwenye maabara yake huko Caltech, mwishoni mwa miaka ya 1980, kundi lake lilitumia mapigo mafupi ya leza: pigo la kwanza linaanzisha mmenyuko, la pili linafuata baada ya muda mdogo sana na kupima viini vimefika wapi. Ukibadilisha pengo kati ya mapigo hayo mawili unapata mfululizo wa picha. Kwa iodidi ya sodiamu waliona atomu mbili zikisogea mbali, zikirudiana, zikisogea tena, na kila safari baadhi ya molekuli zikivunjika moja kwa moja. Mwaka 1999 alipewa Nobel ya kemia peke yake. Picha yake nimeibandika darasani ukutani. Napenda wanafunzi wamwone mtoto wa bara hili aliyetazama kifungo kikikatika.

Sasa turudi kwa methani, maana hapa ndipo penye utamu.

Methani ina atomu tano, na kila atomu inaweza kusogea pande tatu, jumla miendo 15. Mitatu ni ya molekuli nzima kusafiri, mitatu ni ya kuzunguka, na tisa inayobaki ni mitetemo. Je, kuipa nishati kwenye mwendo wa kusafiri na kuipa kwenye mtetemo ni sawa? Kama kiasi ni kile kile, mtu atasema ni sawa. Si sawa, na aliyeweka wazi kanuni yake ni John Polanyi wa Kanada, aliyeshiriki Nobel ya 1986 pamoja na Dudley Herschbach na Yuan Lee.

Fikiria ngalawa inayoingia ghuba kama ya Mikindani kupitia mlango mwembamba uliopinda kama kiwiko, na ndani ya mlango kuna fungu la mchanga la kuvuka. Fungu likiwa kabla ya kona, nahodha anahitaji kasi ya kwenda mbele, na kasi hiyo itampandisha juu ya mchanga. Fungu likiwa baada ya kona, kasi ya mbele haimsaidii: atagonga ukingo na kurudishwa alikotoka. Kitakachomvusha ni mwendo wa ubavuni, kwa sababu baada ya kona ubavuni ndiko mbele. Katika mmenyuko, mwendo wa mbele ni molekuli kusogeleana, na mwendo wa ubavuni ni mtetemo wa kifungo kinachotakiwa kukatika. Kizingiti kikija mapema, kasi ya kugongana ndiyo yenye faida. Kikichelewa, mtetemo ndio wenye faida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Fleming Crim huko Wisconsin lilichukua maji yenye haidrojeni moja ya kawaida na moja nzito, ile iitwayo dyuteriamu. Wakatia nishati ya leza kwenye kifungo cha oksijeni na haidrojeni ya kawaida peke yake, kisha wakaleta atomu ya haidrojeni kugonga. Kilichokatika ni kile kifungo kilichotetemeshwa, kwa kiwango cha takriban mara mia kuliko jirani yake. Mwaka 2008 kundi la Arthur Utz, pia Marekani, likafanya jambo la aina hiyo kwa methani juu ya uso wa nikeli. Walitumia methani yenye haidrojeni moja ya kawaida na tatu nzito, wakatetemesha ile moja, na nikeli ikakata hiyo moja badala ya zile tatu.

Sikuchagua mfano wa nikeli ovyo. Methani ikipitishwa na mvuke wa maji juu ya kichocheo cha nikeli, hutoa haidrojeni. Haidrojeni ikikutanishwa na naitrojeni ya hewani, hutoa amonia, na kutokana na amonia hutengenezwa urea, mbolea ile ile ambayo mkulima wa Newala anaililia bei. Kiwanda cha mbolea cha kutumia gesi ya kusini kimezungumzwa kwa miaka mingi. Hatua ngumu kuliko zote katika safari ya methani juu ya nikeli ni kukata kifungo cha kwanza cha kaboni na haidrojeni. Viwandani hukatwa kwa kuchemsha kila kitu hadi nyuzi 800 na zaidi, nishati ikamwagwa kwenye miendo yote 15, ya kazi na isiyo ya kazi. Hakuna aliyepata njia ya gharama nafuu ya kutetemesha ule mmoja tu kiwandani, na sitamdanganya mtu kwamba iko karibu, kwa kuwa leza ni ghali na molekuli yenyewe, isipowahi kugonga, huisambaza nishati kwenye mitetemo mingine upesi sana. Hata hivyo, kujua nishati inapotea wapi ni nusu ya kazi, na ningefurahi mno kumwona kijana wa Msimbati akiifanya nusu nyingine.

Kuna tokeo moja ambalo kila nikilisoma linanisisimua upya. Kopin Liu na wenzake huko Taiwan waliigonganisha methani ya namna ile ile na atomu za florini. Kizingiti cha mmenyuko huu ni kidogo na kinakuja mapema. Walipotetemesha kifungo cha haidrojeni ya kawaida, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalikuwa kinyume na matarajio ya wengi: mmenyuko ulipungua, na florini ikaelekea zaidi kwenye haidrojeni nzito ambazo hazikuguswa. Yaani kuongeza nishati kulizuia. Mtu anayejua joto tu hawezi kulielewa jambo hili. Anayejua mwendo wa viini anaweza kuanza kuliuliza maswali.

Nimekuwa nikitaja haidrojeni nzito bila kueleza. Dyuteriamu iligunduliwa na Harold Urey mwaka 1931, akapewa Nobel mwaka 1934. Kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja, hivyo uzito wake ni takriban mara mbili ya haidrojeni ya kawaida. Elektroni ni ile ile moja, na chaji ni ile ile. Kama elektroni ndizo zinazoamua kila kitu, haidrojeni hizi mbili zingefanana katika kila mmenyuko. Hazifanani. Kukata kifungo cha kaboni na haidrojeni ya kawaida, kwenye jotoridi la chumbani, kunaweza kuwa haraka hadi mara saba hivi kuliko kukata cha dyuteriamu. Sababu ni kwamba viini havitulii kamwe. Hata kwenye sifuri halisi, fizikia ya kwanta hairuhusu kifungo kisitetemeke. Kinabaki na akiba ya mtetemo isiyoondoka. Kiini chepesi kina akiba kubwa zaidi, kwa hiyo kinaanzia juu zaidi na kizingiti kwake ni kifupi.

Tofauti hii imeingia hospitalini. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha deutetrabenazine, dawa ya kupunguza mishtuko ya viungo kwa wagonjwa wa Huntington. Ni dawa ya zamani iliyobadilishwa haidrojeni kadhaa kwa dyuteriamu ili mwili uchelewe kuivunja, na mgonjwa atumie dozi ndogo au chache zaidi.

Imeingia pia kwenye utafutaji wa gesi. Kaboni nayo ina isotopu, yaani atomu za kaboni zilizotofautiana uzito tu, nyepesi na nzito, 12 na 13. Tofauti ya uzito wao ni ndogo, ila bado kifungo chenye kaboni nyepesi hukatika upesi kidogo. Methani iliyotengenezwa na vijidudu kwenye matope huwa na upungufu mkubwa wa kaboni 13, kuliko methani iliyopikwa na joto la vilindini. Mjiolojia akipima uwiano huo anaweza kusema gesi iliyo kwenye chupa yake ilizaliwaje, mamilioni ya miaka baada ya viini kutetema. Kwa sababu ya aina hiyo hiyo, mtama na mahindi yana kaboni 13 nyingi kidogo kuliko mpunga na mkorosho, kwa kuwa vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko, hunasa hewa ya ukaa kwa njia tofauti.

Nimebakiza uraka, pombe ya mabibo. Najua wengi wa wasomaji wangu hawanywi, na mimi sinywi, lakini msimu wa korosho ukifika harufu ya mabibo yaliyokamuliwa haikwepeki huku kwetu. Chachu ya asili inageuza sukari ya mabibo hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho kabisa kabla ya ethanoli inaendeshwa na kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuhamisha haidrojeni moja kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Mwaka 1989 Judith Klinman na wenzake huko Berkeley walikichunguza kimeng'enya hicho cha chachu, wakitumia alkoholi nyingine ya jamii ile. Walilinganisha kasi ya haidrojeni za aina tatu, ya kawaida, dyuteriamu na tritiamu iliyo nzito zaidi. Pengo kati yake lilizidi lile linaloweza kuelezwa kwa haidrojeni kupanda juu ya kizingiti na kushuka. Maelezo yaliyolingana na vipimo ni kwamba haidrojeni inapenya kizingiti bila kukipanda. Kiini chepesi kina tabia ya mawimbi kiasi kwamba kinaweza kuonekana upande wa pili bila kupita juu. Na hili halikufanyika kwenye baridi kali ya maabara, bali kwenye jotoridi la kawaida, ndani ya kimeng'enya cha chachu.

Tangu hapo umekuwapo ubishi mkubwa: je, mtetemo wa kimeng'enya chenyewe unasaidia upenyaji huo? Klinman na wengine wanasema ndiyo, protini inapotikisika inayasogeza karibu mahali haidrojeni inapotoka na inapokwenda, na upenyaji hupungua ghafla umbali ukiongezeka hata kidogo. Arieh Warshel, aliyeshiriki Nobel ya 2013, ameshikilia kwamba kazi kubwa ya kimeng'enya ni kupanga chaji za umeme kuzunguka mmenyuko, na kwamba upenyaji hutokea hata kwenye maji bila kimeng'enya. Kwa maoni yangu Warshel ana hoja nzito kuhusu chanzo cha kasi kubwa ya vimeng'enya. Lakini suala la umbali siwezi kuliweka kando, kwa sababu vipimo vya isotopu vinavyobadilika, au kukataa kubadilika, pale jotoridi linapopanda, bila mwendo wa protini vinakosa maelezo mazuri.

Yule binti aliposikia habari ya kupenya aliuliza kama basi uraka ungechacha sawasawa hata usiku wa baridi, maana kupenya hakuhitaji moto. Nikamwambia upenyaji wenyewe kweli hautegemei sana jotoridi, ila haidrojeni haipenyi mpaka molekuli zifike mahali pake, protini ijikunje kuzipokea, na hatua zote za sukari zilizotangulia ziwe zimekamilika. Hatua hizo nyingine zinalitegemea joto, na moja ikichelewa zote zinasubiri. Ndiyo maana chachu hufanya kazi polepole baridi ikizidi. Akaandika, kisha akauliza ni hatua ipi hasa inayochelewa kuliko zote. Hilo tunalifanyia kazi wiki ijayo, kwa chupa, puto na kipimajoto, kwenye jotoridi tatu tofauti.